Mchi Uliokuwa Hewani

Harufu ilitufikia kabla hatujafungua mlango. Ilikuwa harufu ya mayai ya kuchemsha, na katika nyumba ya kutotolesha vifaranga hakuna harufu mbaya kuliko hiyo. Yai lililooza unalitoa, unalitupa, mambo yanaendelea. Yai lililoiva limeuawa, na aliyeliua lazima atafutwe.

Maame Takyiwaa, mwenye nyumba hiyo pale Dormaa, hakupiga kelele. Alivuta trei ya juu, akachukua yai, akaligonga ukutani na kulimenya polepole kama mtu aliyeketi kwa kifungua kinywa. Likatoka jeupe, gumu.

"Wofa," akaniita, "leta chumvi."

Nilidhani anatania. Hapo mjini mzee yeyote wa upande wa mama ni wofa, na mimi, niliyefika zamani juu ya lori la vitunguu nikashindwa kuondoka, walishanipa ujomba huo bila kuuliza ukoo wangu.

"Leta chumvi nimekwambia. Injinia Konadu amenipikia. Si nile?"

Hakula, bila shaka. Aliliweka lile yai dirishani, likakaa pale limemenywa, likimsubiri aliyelipika.

Konadu Frema alifika kutoka Sunyani jua likiwa utosini, vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, limempaka nyusi nyeupe. Huyu ndiye aliyeitengeneza mashine ile ya kutotolesha, mbao zake, waya zake na akili yake. Alisomea kompyuta Kumasi, na badala ya kwenda kukaa ofisini Accra kwenye baridi ya kununua, alirudi kwao kufanya kazi na wafuga kuku. Alikuwa na mwendo wa haraka na kicheko kikubwa, ila siku hiyo kicheko alikiacha garini. Aliliona yai dirishani, akasimama.

"Ni trei ngapi, Maame?"

"Za juu zimeiva. Za chini hazikuiva, zimekufa tu. Chagua unalolipenda."

Lazima nieleze mashine yenyewe, maana bila hivyo ugomvi hautaeleweka. Nitaeleza kama Konadu alivyonieleza mimi, mtu niliyesoma darasa moja hapa na jingine kule, kila nchi na mwalimu wake.

Mayai yanataka joto lisilopanda wala kushuka. Umeme wetu nao una tabia zake: unaondoka bila kuaga na kurudi bila kubisha hodi. Wenyewe wameupa jina, dumsor, yaani zima-washa. Kwa hiyo Konadu aliipa mashine moto wa aina mbili, koili ya umeme na jiko dogo la gesi. Umeme ukiwepo, koili inafanya kazi. Umeme ukikatika, gesi inachukua zamu. Kati yao kuna kompyuta ndogo kama pakiti ya biskuti, inayokula betri na isiyolala.

Sasa, kompyuta haiongei na koili moja kwa moja. Ndani ya kiini chake huingizwa programu ndogo inayojua lugha ya kifaa hicho na si kingine. Wenyewe huiita kiendeshi. Koili ina kiendeshi chake, gesi ina chake. Umeme ukikatika, kiendeshi cha koili kinatolewa kwenye kiini na cha gesi kinaingizwa. Umeme ukirudi, mashine haikimbilii kubadilisha. Inangoja kwanza utulie, hata ikichukua saa nzima, maana umeme wetu ukirudi huwa bado una kwikwi. Ukishatulia, kiendeshi cha gesi kinatoka na cha koili kinarudi kazini.

Na swichi ya koili? Hiyo ni askari wa zamani. Ukimwambia "washa," atashika "washa" mpaka aambiwe "zima," hata kama aliyemwamuru ameshaondoka, amekufa na kuzikwa. Basi kiendeshi kikitoka bila kumwambia "zima," koili inabaki imeamriwa kuwaka. Hakuna atakayejua, kwa kuwa umeme haupo na koili ni baridi. Gesi inatoa joto lake kwa adabu. Kisha umeme unarudi. Mashine inangoja utulie, gesi inaendelea, na koili, ambayo hakuna tena anayeitazama, inawaka nyekundu upande wa pili. Majiko mawili, sufuria moja.

"Ndicho kilichotokea," Konadu alisema alipomaliza kukagua. "Koili na gesi zimewaka pamoja."

"Kwa hiyo hukuizima koili," akasema Maame.

"Niliizima, Maame! Mstari wa kuizima upo. Kiendeshi kikitolewa, jambo la kwanza kinalofanya ni kuzima koili. La kwanza kabisa! Njoo uone."

"Nione nini? Mimi nimeshaona yai."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Agya Badu, yaani Baba Badu, mfugaji wa Dormaa mwenye kuku wengi na maneno mengi zaidi, na nusu ya mayai yaliyoiva yalikuwa yake.

"Binti yangu Konadu," alisema, "taa ya mafuta ya taa ya marehemu mama yangu haikuwa na kiendeshi. Ilikuwa na utambi. Unaujua utambi? Ukiupandisha unapanda, ukiushusha unashuka. Mama alitotolesha vifaranga miaka yote bila kwenda Kumasi."

"Agya, na nyumba yenu si iliungua mara mbili?"

"Iliungua nyumba. Mayai tuliyatoa."

Hata Maame alitabasamu kidogo, lakini aliporudi kwenye neno lake uso ulikuwa umefungwa. Alisema mayai mengine ya wafugaji yangeingia wiki inayofuata. Yakiiva na hayo, mashine ataiweka uani na kufugia sungura, na yeye atarudi kwenye taa za mafuta. "Nakupenda kama mwanangu," alimwambia Konadu, "ila watu hawaniletei mayai kwa sababu nakupenda."

Mashine ile ilikuwa ya kwanza kutoka mkononi mwa Konadu. Ikitolewa Dormaa, mji wa kuku, na kufugiwa sungura, nani mwingine angemfungulia mlango? Alijua, nasi tulijua.

Akakaa kwa Maame kutafuta kosa. Alifunga balbu ndogo ya tochi kwenye swichi ya koili, ikila betri: swichi ikishika "washa," balbu inawaka, ikishika "zima," inazima, umeme uwepo usiwepo. Kisha akaanza kukata umeme kwa mkono, kwenye swichi kubwa ya ukutani. Anakata, kiendeshi kinatoka, balbu inazima. Anarudisha. Anakata, balbu inazima. Mchana kutwa, jua likipiga bati, ta! zima, ta! zima. Hakuna kosa.

Badu alipita kila siku, mikono nyuma. "Mgonjwa akimwona daktari anapona," alisema siku ya kwanza. Siku ya pili alisema labda mashine inamwogopa mwenyewe tu, sisi wengine imeshatuzoea. Ya tatu alileta sungura wawili ndani ya kikapu.

"Wazoee nyumba yao," alisema.

Konadu aliwaangalia wale sungura kwa muda. Siku hiyo alikata shauri kwamba kosa ni la swichi yenyewe, kwamba kile chuma cha ndani hunata mara mojamoja. Alitaka kurudi Sunyani kuleta nyingine. Nilimwona akikunja waya zake. Hakuwa na uso wa mtu aliyepata jibu. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka kuulizwa.

Sasa hapo Dormaa, kama kote kwa Waakan, huingii nyumba ya mtu kama upepo na hutoki kama moshi. Ukifika unapewa kiti, unapewa maji, unaulizwa safari yako, ndipo mazungumzo yanaanza. Na ukitaka kuondoka unaomba njia. Mwenye nyumba anakupa nusu tu. Nusu nyingine inabaki kwake, ili siku moja uifuate. Ukiondoka bila kuomba, umetukana nyumba.

Konadu alikwenda barazani kwa Maame, akainama kidogo. "Maame, naomba njia."

"Sasa hivi? Jua hili?"

"Gari la Sunyani halingoji, Maame."

"Haya. Tunakupa nusu ya njia. Nusu nyingine iko hapa pamoja na mashine yako."

Mimi nilikuwa uani nyuma ya nyumba, nimeshika mchi. Tulikuwa tunatwanga fufu, mimi na Pomaa, mdogo wake Maame. Yeye ameketi kwenye kigoda akigeuza donge la muhogo na ndizi ndani ya kinu, mimi nimesimama nikishusha mchi. Watu wasioijua kazi hii hudhani ni nguvu. Ni mapatano. Mkono wake unaingia mchi ukipanda na kutoka mchi ukishuka, na hakuna anayehesabu.

Konadu, akiisha kupewa nusu ya njia, alipita uani kutuaga na sisi. "Wofa, Dada Pomaa, msinitwangie mimi," alituita toka mlangoni. "Ninaondoka. Acheni!"

"Ndiyo!" nikajibu.

Na mchi ukashuka, du! Pomaa akageuza, kwa mazoea, nami nikapandisha, kwa mazoea, du! Donge likalainika pale pale. Pomaa akalikata, akalizungusha kiganjani likawa duara linalong'aa, akalitia kwenye bakuli, akamwaga supu yenye paja la kuku, akainuka na kumpita Konadu mlangoni, akaliweka bakuli mezani mbele ya Maame.

"Chakula cha mgeni."

Maame akamtazama Konadu, Konadu akalitazama bakuli. Chakula kikishawekwa mezani kwa jina lako, njia uliyopewa imefungwa. Lazima uketi.

"Lakini nimeshaaga!" Konadu akasema.

"Umeniaga mimi," akajibu Maame. "Jikoni hujaaga."

"Nimewaambia waache!"

"Umewaambia ukiwa umeshaniaga. Binti yangu, ukitaka kuondoka nyumba hii na tumbo tupu, unaanza uani. Unauzima mchi kwanza, halafu ndipo unakuja barazani kuomba njia. Mama yako hakukufundisha? Kaa, supu inapoa."

Konadu akanawa, akaketi, akamega tonge na kulichovya. Lile tonge halikufika mdomoni. Lilisimama katikati ya safari, supu ikimdondoka kwenye kiganja mpaka kifundo, na macho yake yakawa yanatazama kitu ambacho sisi hatukukiona.

"Umekuta mfupa?" Pomaa akauliza.

Badu, aliyekuwa bado pale na sungura wake, akasema, "Amekumbuka utambi."

Konadu akacheka. Kile kicheko alichokiacha garini kilirudi chote mara moja, akapiga meza kwa mkono safi hadi bakuli likaruka. "Nimemuaga mwenye nyumba kabla ya jikoni! Maame, ndicho nilichofanya! Ndicho hicho hicho!"

"Ndiyo, ndiyo, tumeshakusamehe. Kula."

"Si leo! Kwenye mashine!"

Alitueleza akiwa amesimama, tonge bado mkononi. Ndani ya kiendeshi cha koili kuna kazi ndogo inayojirudia: kila kitambo kidogo inaamka, inapima joto, ikiona baridi inasema "washa," ikiona joto inasema "zima," inalala, inaamka tena. Akaiita mpimaji. Basi yeye, katika kukitoa kiendeshi, aliandika hivi: kwanza zima koili, kisha mfukuze mpimaji, kisha rudisha funguo, yaani ruhusa ya kuiamuru swichi, kisha ondoka. Nani angeona kosa hapo? Kuzima moto kwanza ni jambo la mtu mwenye akili.

"Lakini kati ya kuzima koili na kumfukuza mpimaji," alisema, "kuna upenyo. Mwembamba kama unywele. Mpimaji akiamka ndani ya upenyo huo na kuona baridi, anafanya kazi yake: washa! Koili inaamriwa upya, nyuma ya mgongo wangu. Ndipo nafika, namfukuza, narudisha funguo, naondoka zangu nikijisifu kwamba nimezima. Na bakuli liko mezani."

"Mbona hukuliona siku zote hizi?" akauliza Badu, na safari hii hakuwa anatania.

"Kwa sababu nimejaribu mchana, Agya. Mchana kuna joto. Mpimaji akiamka kwenye upenyo anaona joto, hana neno. Na kule Sunyani karakana yangu iko chini ya bati, ni tanuri! Maame, mlango wa mashine mnaufungua lini kukagua mayai?"

"Asubuhi. Mapema."

"Harmatani ikiwa kali, baridi inakata masikio, mlango uko wazi. Na umeme siku hizi unakatika lini?"

Wote tulijua. Asubuhi, watu wote wa mji wakichomeka hita za maji ya kuoga.

Konadu akanigeukia. "Wofa, nilipokuambia acha, ulinijibu nini?"

"Nilijibu ndiyo."

"Na mchi?"

"Mchi ulikuwa hewani tayari. Ningeuachia ungempasua Pomaa mkono."

"Umesikia, Maame? Kumwambia aache hakutoshi. Mpimaji naye nikimwambia acha wakati mchi wake uko hewani, atasema ndiyo na utashuka. Lazima nimwambie, kisha nisimame pale, nisubiri mpaka mchi uko chini na mkono umeuachia. Ndipo nizime koili. Ndipo nirudishe funguo. Walioingia mwisho watoke mwanzo. Kama kufungasha mzigo, kinyumenyume."

"Na anayeingia baadaye?" Maame akauliza. Mwanamke huyu hakuwa na mchezo. "Akikuta umesahau?"

Konadu akamtazama kwa macho mapya. "Naye asidhani nyumba imefagiliwa. Akiingia tu, azime kwanza, afagie mwenyewe, ndipo aanze kazi. Nitaandika na hilo, kwa kila kiendeshi."

"Sasa kula," akasema Maame.

Akala bakuli lote, akaomba jingine. Gari la Sunyani likaondoka bila yeye.

Asubuhi iliyofuata wafugaji walijaa mbele ya nyumba ya kutotolesha wamejifunika vitambaa hadi puani. Ukungu wa vumbi ulikuwa mzito, jua lilikuwa kama sarafu iliyochakaa. Konadu aliifungua mashine tupu milango yote miwili, baridi ikaingia kama mwenye nyumba. Balbu ya tochi ilikuwa juu, kila mtu anaiona.

"Kwanza nitawaonyesha mkosaji," alisema. "Programu ya zamani, haijaguswa. Agya Badu, wewe ndiye ukate umeme."

"Mimi? Ili mseme nimeroga?"

"Ili useme mwenyewe."

Badu akashika swichi kubwa, ta! Balbu ikazima. Watu wakaguna. Akarudisha, akangoja koili ianze tena, akakata. Ikazima. Badu akarudisha, akakata, ta! Balbu ikazima, ikapepesa, ikawaka. Ikabaki inawaka. Kiendeshi kilikuwa kimeshatoka, kompyuta ilisema hivyo kwenye kioo chake, kazi imekwisha, kila kitu salama. Na balbu inawaka, ndogo, nyekundu, haina mwenyewe.

"Ndiye huyo!" Pomaa akapiga kelele. "Mwizi wa mayai!"

Watu walisogea kuitazama kama wanavyomtazama nyoka aliyepatikana ndani ya gunia. Badu peke yake hakusogea. Alikuwa bado ameshika swichi, midomo wazi. "Kwa hiyo aliizima kweli," alisema taratibu. "Na ikawashwa kweli."

Konadu akaingiza programu mpya. "Sasa kata, Agya."

Akakata. Balbu ikazima. Akarudisha, akakata tena, akakata tena. Kisha akaanza kupigana nayo. Alimwambia mtu apepee mlango kwa trei ili baridi iongezeke. Alimwagia kipimajoto maji ya kisimani, Konadu akamwacha. Alijifanya ameondoka, akageuka ghafla na kukata, kama mtu anayetaka kumshika mbuzi. Balbu ilizima kila alipokata na haikuwaka. Ukiisikiliza kompyuta kwa macho, kwenye kioo chake, uliweza kuona ule ucheleweshaji mdogo, ile pumzi moja ya kusubiri mchi ushuke, kisha giza safi.

"Amechoka?" Konadu akamuuliza, akionyesha mashine.

"Mimi ndiye nimechoka," Badu akajibu, akakaa chini juu ya ndoo. "Yeye hata hajaanza."

Mayai yakaingia. Ya Badu pia, aliyaleta mwenyewe, na kila trei aliinong'oneza maneno ambayo hatukuyasikia. Konadu akarudi Sunyani na nusu yake ya njia, na jaribio lenyewe likaanza, maana balbu ni balbu, kifaranga ni kifaranga.

Umeme ulikatika mara nyingi katika wiki hizo, na kila uliporudi Maame aliacha alilokuwa akifanya, akaenda kusimama mbele ya balbu. Alisimama mpaka umeme ukatulia na koili ikaingia kazini kwa haki yake, ndipo akarudi kwenye shughuli zake.

Asubuhi ya kutotoka Konadu alikuja, na wafugaji wakaja. Maganda yalikuwa yameanza kupasuka, unasikia ndani ya mashine mlio mwembamba kama mvua ya mbali. Hapo hapo, kama aliyeitwa, umeme ukaondoka. Gesi ikawaka, bluu. Mlango ulikuwa wazi kidogo kwa sababu ya Badu, aliyekuwa ameingiza kichwa, na baridi ya harmatani ilikuwa imeingia pamoja naye.

Kisha umeme ukarudi kwa kishindo, redio ya jirani ikapiga ukelele katikati ya neno. Huu ndio ule wakati. Gesi inawaka, umeme upo, hakuna anayeitazama koili. Konadu alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili. Macho yote yalikuwa kwenye balbu.

Giza. Balbu ilikaa giza. Kipimajoto hakikusogea. Mashine ikangoja, ikangoja, umeme ukatulia, gesi ikazima, na ndipo tu balbu ikawaka, sasa ikiwa na mwenyewe, na koili ikashika zamu.

Kifaranga wa kwanza alitoka akiwa amelowa na hasira, akaanguka juu ya kisogo cha Badu kutoka trei ya juu.

"Yeee!" Badu akapiga kelele kutoka ndani ya mashine. "Ni wangu! Ananijua!"

Nyumba ililipuka. Maame Takyiwaa, ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikimbia ndani na kurudi na kopo la poda nyeupe, ile wanayompaka mtu aliyeshinda kesi au aliyejifungua salama. Lakini hakumpaka Konadu yeye mwenyewe. Alimpa Badu kopo.

"Wewe ndiye uliyeleta sungura," alimwambia.

Badu akalipokea, kifaranga bado kisogoni. Akammwagia Konadu poda shingoni, mabegani, kwenye nywele, hadi akawa mweupe kama aliyetoka kwenye gunia la unga, akamshika mkono na kuuinua juu, akawageukia wafugaji. "Huyu ni binti yangu! Nilisema tangu mwanzo!"

"Ulisema utambi!" watu wakamjibu kwa sauti moja.

"Utambi nao ni mzuri! Nimesema ni mbaya?"

Kabla ya jua kusimama wafugaji watatu walikuwa wamemzunguka Konadu wakibishana mashine itakayofuata iende kwa nani, na yeye, poda machoni, alikuwa akicheka na kupiga chafya kwa zamu. Vifaranga walijaa trei hadi trei. Kelele zao zilifika barabarani, wapita njia wakasimama kuuliza kuna sherehe gani.

Mchana Badu alikusanya vyake kwenye maboksi, akawa tayari kuondoka. Mimi na Pomaa tulikuwa uani kwenye kinu, safari hii tukitwanga kwa nyumba nzima. Alitokea mlangoni amebeba kikapu cha sungura, ambao hawakupata nyumba.

"Wofa! Dada Pomaa! Mimi naondoka. Wekeni mchi chini."

"Ndiyo!" nikajibu.

"Sitaki ndiyo. Nataka kuuona."

Mchi ulikuwa hewani. Ukashuka, du. Pomaa akatoa mkono. Nikauegemeza mchi ukutani, nikauachia, nikamwonyesha viganja vyangu vyote viwili. Badu akausubiri mpaka ukaacha kutikisika, akaitikia kwa kichwa, akaenda barazani kwa Maame kuomba njia.